Jumapili Moja ya Osaka

Jumanne, 7 Oktoba

Kasri kwanza au samaki kwanza. Ndio mjadala wa nyumba hii, wiki ya pili sasa. Nimerudi kazini miguu imevimba, koti sijavua, Nuru kashanifungulia ramani ya Osaka kwenye kompyuta. Binti yangu huyu akishika jambo haliachii. Anasema tuanze na kasri, asubuhi watu bado wachache. Mie nasema tuanze na nyumba ya samaki, Amina asije akachoka.

Amina ana miaka mitatu. Mjukuu wangu wa pekee. Sijamshika hata siku moja.

Nina Jumapili moja tu. Meneja wa kliniki kanipa ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu, tena kwa kununa, maana risepsheni tumebaki wawili. Naondoka London Ijumaa ya tarehe 14 mwezi ujao, nafika Jumamosi jioni, Jumatatu asubuhi nageuza. Mwanangu Idrisa, baba yake Amina, mwenyewe kasema Jumapili ndiyo siku yake ya kupumzika. Sawa. Wenzangu wanakwenda Japani kutembea wiki mbili. Mie nakwenda kumwona mwanangu na mwanawe, nirudi kupokea simu za wagonjwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Idrisa kaleta mpango. Kamtumia Nuru, Nuru kanisomea jikoni nikikaanga samaki.

Asubuhi atanifuata hotelini. Kasri la Osaka, tutapanda hadi juu, lifti ipo. Kutoka hapo soko la Kuromon. Halafu nyumba ya samaki huko bandarini, yupo papa mkubwa kama basi. Jioni mtaa wa Dotonbori, kuna mfereji na mataa ya kila rangi. Chakula cha halali kashakiulizia. Toka mdogo ni mtu wa mipango. Alikuwa akipanga mpaka namna ya kula chungwa.

Nimeuliza kitu kimoja. Nyumbani kwake tunakwenda saa ngapi?

Jibu limekuja baada ya sala ya isha. Nyumba ndogo, Mama, tena mbali, utapoteza siku yako njiani.

Nimekaa flati ya chumba kimoja hapa Kilburn na watoto wawili tangu baba yao alipofariki. Nyumba ndogo itanitisha nini?

Jumapili, 12 Oktoba

Tumeongea kwa video. Huku asubuhi, kule jioni. Idrisa alikuwa amesimama nje, nyuma yake watu wanapita na miavuli. Kila akipiga yuko nje. Kakonda. Nimemwambia. Kasema ni kamera.

Nikamuuliza Amina. Kalala.

Wiki iliyopita pia alikuwa kalala. Kabla ya hapo alikuwa kwa bibi yake wa kule. Nimesema mtoto huyu analala sana, apelekwe kwa daktari. Idrisa kacheka, kacheka kupita kiasi. Nuru alikuwa pembeni yangu anaangalia kucha zake.

Jumatano, 15 Oktoba

Siku inaliwa kidogo kidogo. Leo nimeambiwa Haruka, mkwe wangu, hatakuwepo. Ana kazi Jumapili hiyo. Na Amina ataletwa mchana, si asubuhi. Kwa hiyo kasri nitakwenda mimi na Idrisa peke yetu.

Sitaki kasri. Nimezaliwa Chake Chake, ngome ilikuwa jirani yetu, tukianika nguo karibu yake. Mawe ni mawe. Nataka kukaa kwenye kiti cha jikoni kwake nimwangalie mtoto anakula.

Nimemwambia Nuru hivyo. Kanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake akikerwa, kwamba watu hawaendi Japani kukaa jikoni.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nilikwenda Barking kwa Bi Zuhura. Tumesoma skuli moja Pemba, tumezeeka pamoja hapa. Nyumba yake imejaa wajukuu. Unawasemesha Kiswahili, wanakujibu Kiingereza, lakini wanakupandia mapajani. Mmoja kalala kwenye mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Sikuutoa.

Nilimwonea wivu Bi Zuhura. Wivu mbaya. Nilikula biriani yake nikaaga.

Nikatoka nikapita dukani, nikamnunulia Amina gauni la njano. Nikataka na viatu. Muuzaji kauliza saizi ya mguu. Viatu nikaviacha. Bibi gani hajui mguu wa mjukuu wake?

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimemwomba Nuru aulize saizi ya kiatu. Kitu kidogo tu. Kanifokea. Kasema niache, viatu kule viko tele, kwa nini nabeba mizigo. Kisha kajifungia chooni, kafungua bomba. Maji yakamwagika muda mrefu. Najua maji ya namna hiyo. Nimeyafungua mwenyewe mwaka aliofariki baba yao.

Kuna kitu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimempigia Haruka.

Nambari yake ninayo tangu harusi, lakini tulizoea kutumiana salamu za sikukuu tu. Kiingereza chake cha taratibu, changu cha haraka. Nimepiga wakati wa mapumziko ya kazi, nimekaa stoo kwenye maboksi ya glavu. Nilikusudia kuuliza mguu wa mtoto, basi.

Kapokea. Kanisalimia vizuri, kaniita Mama. Nikasikia sauti ya mtoto nyuma yake, inaimba kitu.  Nikasema, "Huyo ndiye Amina? Leo hakulala."

 Kauliza, "Mama, kwani Idrisa hakukwambia?"

Nikamwambia niambie wewe.

Kasema wameachana. Karatasi zimetiwa saini tangu majira ya machipuko. Mtoto kaandikwa kwake, yeye mama peke yake, ndivyo sheria ya kule. Wanaishi kwa wazazi wake, mji mwingine. Idrisa hajamwona Amina tangu wakati huo. Alisema yote hayo kwa upole, neno moja moja, kama mtu anayeshusha vyombo vya udongo rafuni. Mwisho kasema, "Samahani, Mama. Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana hunipigii."

Sikuuliza mguu. Nilisahau hata kuaga.

Nikarudi dirishani kwangu. Mzee mmoja alikuwa anangoja kuandikishwa. Nikamwambia karibu, nikatabasamu. Sijui uso wangu ulipata wapi tabasamu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimekwenda kazini. Nimerudi. Sikula.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nuru alijua.

Nilimngoja amalize chai yake. Nikamwambia, nimezungumza na Haruka. Kikombe alikiweka mezani pole pole, akaanza kulia kabla sijamaliza. Alijua toka mwanzo. Idrisa alimpigia siku ile ile aliyoachwa. Wamekubaliana wasiniambie kwa sababu ya presha yangu. Daktari kasema nisishtuliwe, basi wanangu wakakaa wakanipangia uongo wa afya yangu.

"Na safari?" nikamuuliza. "Mlikuwa mnanipeleka wapi?"

Kasema mimi ndiye niliyeng'ang'ania kwenda. Kweli. Nilipokata tiketi hawakuwa na la kufanya, wakaamua siku yenyewe ijazwe, kasri, soko, samaki, mataa, nisipate nafasi ya kuuliza. Binti yangu ananionesha ramani kila jioni, huku anajua mtoto hayumo.

Kaniomba msamaha kwa Kiswahili. Maneno yakimpotea anayatafuta, lakini hakuhamia Kiingereza. Nilimsikia. Sikuweza kumshika mkono. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango.

Jumatatu, 27 Oktoba

Saa za hapa zimerudishwa nyuma jana, kama kila mwaka baridi ikiingia, na Osaka imezidi kuwa mbali. Idrisa kapiga mara kadhaa. Sipokei. Nimetazama jina lake likiwaka na kuzimika.

Nina hasira naye kuliko nilivyowahi kuwa nayo kwa mtu. Nikiiacha hasira, kinachobaki chini yake ni kibaya zaidi.

Nataka kuifuta tiketi. Nitakwenda kufanya nini? Mjukuu niliyekuwa naye sinaye. Kuna mtoto wa miaka mitatu mahali fulani Japani anaimba, na kwake mie si chochote. Si mie, si baba yake. Hakufa mtu, kwa hiyo hakuna matanga. Hakuna anayeleta chakula wala kukaa nawe kimya. Kesho kazini kama kawaida.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nesi kanipima presha kazini, iko juu sana. Kaniuliza nina mawazo gani. Nimesema sina.

Giza saa kumi na moja jioni. Baridi. Basi la kurudi lilijaa watoto wa skuli wakipiga kelele, nikatamani kuteremka nitembee, nikakosa nguvu za kuteremka. Nimesali. Maneno yametoka mdomoni tu. Sina hamu ya kitu chochote na sidhani itarudi.

Nuru anatembea nyumbani kama mwizi. Kanifulia nguo zote.

Jumapili, 2 Novemba

Leo nimepokea.

Nilimwona na yeye kaniona, akajua. Nuru kashamwambia. Alikuwa nje tena, ukuta wa stesheni. Nikamwambia, "Kaa chini, Idrisa." Akakaa kwenye ngazi.

Nikamuuliza imekuwaje.  Kasema skuli ya lugha aliyokuwa akifundisha ilimpunguza kazi mwaka jana. Hakumwambia Haruka. Kila asubuhi alivaa tai, akamuaga mkewe, akambusu mtoto, akaenda kukaa stesheni mpaka jioni. Miezi. Alidhani atapata kazi nyingine kabla hajagundulika. Hakupata.

"Hakukasirika kwa ajili ya kazi, Mama," kasema. "Kazi angenivumilia. Ni kwamba kila siku nilimtazama usoni nikamwambia leo darasa lilikuwa zuri."

"Na mie ukanivalia tai," nikamwambia.

Akainama. Nikauona utosi wake. Nywele zimeanza kumtoka, mwanangu wa miaka thelathini na moja.

Nikamuuliza siku yenyewe angefanya nini. Mchana nikimngoja Amina, angefanya nini? Kasema angeniambia mtoto kaamka na homa. Tayari alishaichagua homa. Angenipeleka kwenye samaki, nikapiga picha na yule papa, nikarudi London na picha.

"Nilitaka upate siku moja nzuri tu," kasema.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kupita ndani ya ile simu nimkumbatie. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na vyote haviwezekani.

Sasa anaosha vyombo mgahawani. Halali vizuri. Kasema akilala anaamka akidhani kamsikia mtoto. Kaniambia nisiende, nifute tiketi, hakuna cha kuona. Nimemwambia nitafikiri.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempigia Haruka tena. Nimemwomba saa moja. Mahali popote anapotaka yeye, mbele yake, mbele ya wazazi wake. Idrisa asiwepo kama hataki awepo. Nimwone tu mtoto. 

Kasema atafikiri na kuzungumza na mama yake. Hakusema hapana.

Usiku nimekula wali kidogo. Nuru kaniona nakula, akageuza uso.

Ijumaa, 7 Novemba

Simu kimya. Naiangalia kila mara kama mtu mwenye pepo. Kazini nimeandika jina la Amina mahali pa jina la mgonjwa, nikalifuta.

Bi Zuhura kanipigia kuuliza safari imefikia wapi. Nimemwambia inakwenda vizuri. Na mie sasa nasema uongo.

Jumamosi, 8 Novemba

Hapana.

Haruka kanipigia mwenyewe. Hakutuma ujumbe, hakumsukuma mtu mwingine anisemee. Nampa haki yake. Kasema, "Mama, miezi mingi Amina alikuwa anakwenda mlangoni kila jioni kumngoja baba yake. Sasa ndiyo kwanza ameacha. Akikuona, una uso wa Idrisa. Ataanza tena kwenda mlangoni."

  Mie pia nimewahi kuwa na mtoto anayengoja mlangoni mtu asiyerudi. Nuru alikuwa na miaka minne.

Nikamwambia nimefahamu. Akalia yeye, si mimi. Kasema labda baadaye, akiwa mkubwa. Nina miaka hamsini na tisa na presha. Baadaye ni neno la watu wenye muda.

Mchana nimelirudisha gauni dukani Barking. Muuzaji kaniuliza lina kasoro gani. Nikamwambia halina.

Jumapili, 9 Novemba

Sikutoka kitandani ila kwa sala. Mvua. Nuru kaleta uji, kaukuta umepoa, kaupasha, kauleta tena.

Nikafikiri juu ya ngazi zile za stesheni. Mtu mzima aliyevaa tai, kakaa kutwa, kila treni inayokuja si yake. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua. Mie nilikuwa hapa natuma salamu za Ijumaa.

Jumanne, 11 Novemba

Nakwenda.

Nimemwambia Nuru jioni. Akafungua kompyuta haraka, akaanza tena, kwamba basi kasri angalau, majani ya miti yamegeuka rangi msimu huu, na soko liko karibu. Nikamwambia funga. Sitaki kasri, sitaki soko, sitaki papa. Nataka kwenda alipolala mwanangu. Kama ni chumba, chumba. Kama ni chini ya ngazi, nitakaa chini ya ngazi.

Kaniuliza, "Kutwa nzima mtafanya nini?"

Sijui. Nimempigia Idrisa nikamwambia hivyo hivyo. Kasema chumba kiko hovyo. Nikamwambia kisafishe au usikisafishe, nakuja.

Alhamisi, 13 Novemba

Sanduku tayari. Halua ya Bi Zuhura, bizari, makopo ya tui, dawa zangu. Nguo chache.

Naogopa. Si ndege. Naogopa kumwona na kushindwa kumsaidia, na kumwacha Jumatatu asubuhi kama nilivyomkuta. Mama wa siku moja. Nani kasema siku moja inatosha kwa kitu chochote?

Nuru kasema atanisindikiza uwanjani, atachelewa kazini. Nimemkubalia. Tumekunja nguo pamoja. Ni mara ya kwanza nimemgusa bega tangu ile Jumamosi. Aliuacha mkono wangu ukae.

Jumatano, 19 Novemba

Nimerudi juzi. Jana nimefanya kazi kutwa, nimelala mapema. Leo ndiyo naandika.

Wenzangu kliniki wameniuliza Japani ikoje. Nimesema safi sana. Meneja kauliza nimeona nini. Nimesema muda ulikuwa mfupi.

Idrisa alinipokea uwanjani Jumamosi. Nilimpita, sikumjua, mpaka akaniita. Tukapanda treni. Kanifikisha hotelini, kanishikia sanduku mpaka mlangoni, kama mfanyakazi wa pale.

Jumapili asubuhi kaja kavaa shati lililopigwa pasi. Akasimama akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika, kasri liko vituo vichache tu. Nikamwambia twende kwako.

Chumba kimoja, ghorofa ya pili, nyuma ya njia ya treni. Kakisafisha mpaka kinawasha macho. Godoro limekunjwa pembeni, meza fupi, jiko la moto mmoja. Chini ya sinki kuna kigoda cha plastiki cha kijani, cha kumsimamisha mtoto anawe mikono. Amina hajawahi kukanyaga chumba hiki. Idrisa kahama na kigoda. Hakitumii, hakiondoi, akiosha vyombo anasimama kwa ubavu ili asikiguse. Niliona, naye akaona kuwa nimeona. 

Tukanunua samaki dukani chini. Nikampikia mchuzi wa tui kwenye sufuria yake ndogo, wali ukapikika kwenye mashine. Tukala kwa mkono, tumekaa sakafuni. Alikula sana. Mwanzo pole pole, kisha kama mtu aliyekumbuka. Akaanza kunieleza habari za Amina, alivyokuwa akiogopa sauti ya kikausha nywele, alivyokuwa akimwita baba yake kwa jina lake. Alizungumza na kulia na kula, vyote pamoja. Sikumkataza hata kimoja. Sikumwambia itakuwa heri, kwa sababu sijui kama itakuwa.

Katikati ya neno akanyamaza. Nilidhani anatafuta la kusema. Kumbe kalala. Kaketi kaegemea ukuta, mkono bado una wali. Nikamlaza, nikaupangusa ule mkono kwa kitambaa chenye maji, hakuamka. Nikamfunika koti langu.

Kisha nikakaa dirishani.

Siku yote ile ilikuwa pale nje. Kuna ukuta wa nyumba ya pili na nyaya nyingi. Mwanamke wa makamo alitoa magodoro barazani, akayapiga vumbi kwa fimbo pana, akayaacha yapate jua, akarudi kuyageuza. Paka. Treni za rangi ya chungwa zinapita, na kila ikipita vikombe vinalia kwenye rafu. Mtu kateremka baiskeli akainama kwenye mashine ya vinywaji, kabadili mawazo, kaondoka. Ndiyo Osaka niliyoiona. Nimeitazama vizuri kuliko nilivyowahi kutazama mji wowote.

Saa ya kasri ikapita, ya soko ikapita. Adhuhuri nikasali pale pale, alasiri pia. Idrisa hakugeuka. Mara mbili nilimwekea kiganja mbele ya pua, kama nilivyokuwa nikifanya alipokuwa mchanga. Anapumua. Jua likahama kutoka kwenye miguu yake likapanda ukutani, likatoka. Yule mwanamke akaingiza magodoro yake, nami nikabandika chai.

Sikuwa na furaha. Naandika ilivyo. Nilikuwa na huzuni kubwa iliyotulia, nikakaa nayo kama mtu anavyokaa na mgeni.

Alipofumbua macho taa za jirani zilikuwa zimeshawashwa. Alishtuka, akakaa, akatazama dirisha, akanitazama.

"Mama, mbona hukuniamsha? Siku imekwisha."

Nikamwambia, "Chai bado ya moto. Njoo unywe."